Maswali ya Wasomaji: Masista wa Konsolata, waliotumwa wakabaki

Barua tunazozijibu safari hii zote zinagusa shirika moja, nalo ni la Masista Wamisionari wa Konsolata, ambao wasomaji wengi wa Kenya na Tanzania wamewafahamu shuleni, hospitalini au parokiani. Baadhi ya barua nimezifupisha bila kubadili maana yake.

SWALI: Nilisomeshwa na masista hao tangu darasa la kwanza, na mapadre wa parokia yetu nao ni wa Konsolata. Je, hilo ni shirika moja lenye mapadre na masista? Na hiyo Konsolata ni nini?

JIBU: Ni mashirika mawili yenye mwanzilishi mmoja. Konsolata ni jina la Bikira Maria anayeheshimiwa katika kanisa la kale la hija mjini Turin, kaskazini mwa Italia. Kwa Kiitaliano neno lenyewe lina maana ya mwanamke aliyefarijiwa, lakini waamini humwita Mama Mfariji, kwa kuwa aliyefarijiwa na Mungu ndiye anayejua namna ya kuwafariji wenzake.

Kanisa hilo alikabidhiwa mwaka 1880 padre kijana aliyeitwa Giuseppe Allamano, mzaliwa wa Castelnuovo, akalisimamia hadi alipofariki tarehe 16 Februari 1926. Afya yake ilikuwa dhaifu, na hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja. Alichofanya ni kuwalea wengine waende. Tarehe 29 Januari 1901 alianzisha shirika la mapadre na mabruda, na wanne wa kwanza walifika Tuthu, katika nchi ya Murang'a, mwishoni mwa Juni 1902, wakapokewa na Chifu Karuri wa Gakure. Haukupita muda mrefu kabla ya wanaume hao kutambua kwamba nusu ya watu waliotumwa kwao hawakuweza kuwafikia ipasavyo, maana mmisionari mwanamume hawezi kuketi jikoni na mama aliyejifungua jana, wala kumuuguza binti mgonjwa, wala kuzungumza na bibi kizee juu ya mambo ambayo wanawake huyasema wao kwa wao.

Kwa hiyo kuanzia mwaka 1903 walisaidiwa na masista wa Cottolengo, nao pia wa Turin, lakini idadi yao haikutosha kwa kazi iliyokuwa ikipanuka kila mwaka. Inasimuliwa kwamba Allamano alipolipeleka jambo hilo mbele ya Papa Pio X, alisema kwamba hakujiona ana wito wa kuanzisha shirika la masista, na Papa akamjibu kwamba kama hana wito huo, basi anampa yeye. Shirika la masista lilianza tarehe 29 Januari 1910, na kundi la kwanza likaondoka kwenda Kenya mwaka 1913.

Niongeze jambo moja, kwa sababu barua kadhaa zinachanganya. Masista hawa si wamonaki wanaoishi ndani ya ukuta wa monasteri, wala si shirika la jimbo, kama walivyo Wateresina wa Iringa au Masista wa Maria Imakulata wa Nyeri, ambao chimbuko lao ni majimbo yetu wenyewe na wanaostahili makala yao. Sista wa Konsolata anaweka nadhiri akijua kwamba anaweza kutumwa popote nje ya nchi yake, kwa maisha yake yote, na hasa kwa watu ambao hawajaisikia Injili. Kufundisha na kuuguza ni kazi anazozifanya akiwa huko. Wito wake ni kule kutumwa kwenyewe, na ndiyo maana hospitali ikichukuliwa na serikali au shule ikikabidhiwa kwa jimbo, yeye hufunga mizigo na kwenda kuanza upya mahali pengine bila kuona kwamba amenyang'anywa kitu.

SWALI: Mama yangu mzazi alikuwa akimtaja Nyaatha kama mtu aliyemfahamu kwa macho. Vijana wetu wanamjua kwa sanamu tu. Tafadhali waelezeni alifanya nini hasa, na kama ni kweli kwamba maji yaliongezeka kanisani kwa maombezi yake.

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Nyaatha ni Sista Irene Stefani, aliyezaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, mkoa wa Brescia, Italia. Alijiunga na shirika mwaka 1911, akaweka nadhiri tarehe 29 Januari 1914, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa safarini kuja Kenya.

Alifika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nami naona sehemu hii ya maisha yake haisimuliwi vya kutosha. Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwachukua wanaume maelfu kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu, wakabebe mizigo ya jeshi lililokuwa likipigana na Wajerumani katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo, jina ambalo mtaa mashuhuri wa Dar es Salaam unalo hadi leo, ingawa wengi wanaouza na kununua pale hawajui limebeba vilio vya nani. Wapagazi waliouawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Tangu mwaka 1916 Sista Irene aliwauguza, kwanza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, katika mabanda ambayo kuyaita hospitali ni kuyapa heshima isiyo yake.

Msomaji makini atauliza iwapo masista hao, kwa kufanya kazi chini ya maafisa wa jeshi, hawakuwa sehemu ya mfumo uleule uliowaua wapagazi. Swali hilo ni la haki, na sidhani lifunikwe kwa sifa. Vita haikuwa yao, lakini mahali pao pa kazi palipangwa na wenye vita. Ninachoweza kusema ni kwamba katika mfumo uliomhesabu mpagazi kama mzigo juu ya mzigo, Sista Irene alimtafuta mtu mmoja mmoja. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza jinsi huko Kilwa alivyoambiwa kwamba mgonjwa mmoja amekufa na mwili wake umepelekwa ufukweni pamoja na maiti nyingine, naye akaenda kumtafuta kati ya maiti hizo mpaka akampata akiwa bado anapumua.

Vita ilipokwisha alipelekwa Gikondi, Nyeri, mwaka 1920, akakaa huko miaka 10. Alifundisha shuleni, alipanda na kushuka vilima kwa miguu akiwatembelea watu majumbani mwao, na aliwaandikia barua wazazi wasiojua kusoma waliokuwa na vijana wao kazini Nairobi au Mombasa. Barua hizo kwangu zina uzito kuliko mambo mengi yanayotajwa katika mahubiri, kwa sababu mtu humwamini mwandishi wa barua zake na siri ambazo hamwambii hata jirani. Ni watu wa Gikondi waliompa jina la Nyaatha, mama wa huruma, kwa Kikuyu chao, wala hakuna mkubwa wa Kanisa aliyewaagiza kufanya hivyo. Mwezi Oktoba 1930 alimuuguza mwalimu mmoja aliyekuwa na tauni, akaambukizwa, na akafariki tarehe 31 ya mwezi huohuo akiwa na umri wa miaka 39.

Kuhusu maji: tukio hilo lilikuwa Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji, Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watu zaidi ya 200, wakiwemo makatekista waliokuwa wamekuja kwa mafunzo, walijifungia kanisani kwa siku kadhaa huku mapigano yakiendelea nje, na maji pekee waliyokuwa nayo ni yale machache ya kisima cha ubatizo, kilichochongwa katika gogo la mti. Walimwomba Sista Irene awaombee, na maji yale yakawatosha kunywa wote, hata yakatumika kumwogesha mtoto wa kike aliyezaliwa humohumo, ambaye aliitwa Irene. Kanisa lilichunguza ushuhuda wao kwa miaka mingi, na mwaka 2014 Papa Fransisko akautambua kuwa muujiza. Tarehe 23 Mei 2015 Sista Irene alitangazwa Mwenyeheri mjini Nyeri, katika ibada ya kwanza ya aina hiyo kufanyika katika nchi ya Kenya. Cheo cha Mwenyeheri kinaruhusu aheshimiwe hadharani katika majimbo na mashirika yanayohusika. Ili atangazwe Mtakatifu kwa Kanisa lote kunahitajika muujiza mwingine baada ya huo.

SWALI: Mimi ni Mwislamu na nawasoma kwa muda mrefu. Mliandika juu ya sista aliyeuawa Mogadishu. Alikwenda kufanya nini mahali ambapo hapakuwa na Wakristo wa kuwahudumia? Kama lengo lilikuwa kuwabadili watu dini, mbona mnamwita mfiadini? Na kama halikuwa hilo, alikuwa mmisionari wa namna gani?

JIBU: Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuuliza waziwazi, nami nitajitahidi kukujibu vivyo hivyo.

Sista Leonella Sgorbati alizaliwa tarehe 9 Desemba 1940 katika mkoa wa Piacenza, Italia, akajiunga na shirika mwaka 1963, akasomea uuguzi Uingereza, na akaja Kenya mwaka 1970. Alikuwa mkunga na muuguzi katika hospitali za Mathari, Nyeri, na Nazareth, Kiambu, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa mkufunzi mkuu wa chuo cha uuguzi cha Nkubu, Meru. Wauguzi wengi wa Kenya wamepitia mikononi mwake. Mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 60, umri ambao wengi wetu tunaanza kuhesabu mafao ya kustaafu, alikwenda Mogadishu kuona kama inawezekana kufungua chuo cha wauguzi katika hospitali ya kijiji cha watoto cha SOS. Somalia ilikuwa imekaa miaka 10 bila serikali kuu, na wauguzi waliokuwa wamesoma kabla ya vita walikuwa wamekimbia, wamezeeka au wamekufa. Chuo kilifunguliwa mwaka 2002, na mwaka 2006 wanafunzi 34 wa kwanza, Wasomali na Waislamu, walihitimu.

Hakuwahubiria wabadili dini, na pale alipokuwa isingewezekana hata kama angetaka. Hapo ndipo swali lako la mwisho linapouma, nami nakiri kwamba hata baadhi ya Wakatoliki wanalijibu vibaya, wakidhani mmisionari asiyebatiza mtu amefanya kazi bure. Allamano aliwafundisha watawa wake kwamba mema hayana budi kutendwa vizuri na bila kelele, na kwamba mmisionari awe kwanza mtakatifu ndipo awe mmisionari. Ukiyachukua maneno hayo kwa uzito wake, utaona kwamba sista anaweza kukaa maisha yake yote kati ya watu wa dini nyingine, akafundisha namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala na namna ya kumpokea mtoto anayezaliwa akitanguliza miguu, na bado akawa ameutimiza utume wake, kwa sababu amewapelekea watu hao upendo ambao yeye mwenyewe anaamini ameupokea kwa Kristo. Wao hawalazimiki kuamini hivyo. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anabaki kuwa wao.

Tarehe 17 Septemba 2006, siku chache baada ya kurejea kutoka Kenya, ambako alikuwa akiwaandalia nafasi ya masomo wahitimu wake watatu ili wawe wakufunzi, alimaliza kufundisha akavuka barabara kuelekea nyumba waliyoishi masista. Watu wenye silaha wakampiga risasi. Mlinzi wake, Mwislamu na baba wa watoto wanne, aliuawa pamoja naye. Masista wenzake waliokuwa karibu naye alipokuwa akikata roho wameshuhudia kwamba neno lake la mwisho, alilolirudia mara tatu, lilikuwa la Kiitaliano lenye maana ya "ninasamehe".

Kanisa lilichunguza likaona kwamba aliuawa kwa chuki dhidi ya imani yake, na kwa sababu hiyo likamwita mfiadini. Ndiyo maana hakukuhitajika muujiza ili atangazwe Mwenyeheri, jambo lililofanyika Piacenza tarehe 26 Mei 2018. Chuki hiyo ilikuwa ya wauaji. Haikuwa ya Wasomali, wala ya Uislamu, na kila anayemsimulia Sista Leonella bila kumtaja mwanamume aliyekufa kando yake amesimulia nusu ya habari. Damu zao zilimwagika mahali pamoja, ya Mkristo na ya Mwislamu. Nakuombea amani, ndugu yangu, nawe utuombee.

SWALI: Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anasema anataka kuwa sista mmisionari. Baba yake hataki kusikia. Mimi nataka kujua: inachukua muda gani, anaweza kurudi nyumbani akibadili mawazo, na je, atatusaidia?

JIBU: Mama, nitaanza na lile la kurudi, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Ndiyo, anaweza. Sheria ya Kanuni za Kanisa ya mwaka 1983 imejenga safari ya utawa kama nyumba yenye milango inayofunguka kwa ndani.

Hatua ya kwanza ni kufahamiana: binti huwatembelea masista, hushiriki semina za wito, huandikiana na mlezi. Kisha huja upostulanti, kipindi cha kuishi nao akijipima naye akipimwa. Baada ya hapo ni unovisi, yaani kipindi rasmi cha malezi ya kitawa kabla ya nadhiri, ambao haumpokei mtu mwenye umri chini ya miaka 17, hauwezi kuwa chini ya miezi 12, na novisi yuko huru kuondoka siku yoyote bila kumwomba mtu ruhusa. Nadhiri za kwanza za ufukara, usafi kamili na utii huwekwa kwa muda maalumu, na muda huo ukiisha ni yeye anayeamua kama atazirudia. Nadhiri za muda hudumu si chini ya miaka 3 na kwa kawaida si zaidi ya 6, ingawa zinaweza kuongezwa mpaka miaka 9. Ndipo huja nadhiri za daima, ambazo hakuna anayeziweka kabla ya miaka 21. Ukijumlisha hayo yote pamoja na masomo ya kazi, utaona kwamba huchukua miaka mingi kabla ya binti kufungwa na neno lake moja kwa moja. Vijana wengi huingia katika ndoa baada ya kufahamiana kwa muda mfupi kuliko huo. Kanisa pia linatamka kwamba anayeingia kwa kulazimishwa, kwa kutishwa au kwa kudanganywa hajaingia kihalali. Kwa hiyo kama kuna shangazi anayemsukuma binti ili ukoo uwe na sista, afadhali anyamaze.

Kuhusu msaada, sitakuficha. Anachokipata sista kwa kazi yake ni mali ya shirika, wala hana mshahara wa kutuma nyumbani. Kabla ya nadhiri za kwanza humkabidhi mtu anayemchagua usimamizi wa mali aliyokuwa nayo, na kabla ya zile za daima huandika wosia unaotambulika mbele ya sheria za nchi. Kwa hiyo kama nyumba yenu inamtegemea yeye peke yake, lisemeni hilo mapema mbele ya mlezi, bila aibu, maana ni jambo la kupimwa katika wito wenyewe. Masista huja nyumbani likizo na kwenye misiba kwa utaratibu wa shirika lao, lakini mmisionari aliyeko bara jingine huenda asifike kwenye kila kilio, nanyi mjiandae kwa hilo tangu sasa.

Kwa baba yake ningesema hivi, kama ataisoma safu hii: mzee, usimkataze wala usimruhusu leo. Nenda naye, uione nyumba ya malezi, ule nao chakula cha mchana, uulize maswali magumu yote uliyo nayo.

SWALI: Shirika hili si la Wazungu? Je, sista Mwafrika naye anaitwa mmisionari, au ni msaidizi tu?

JIBU: Lilizaliwa Italia, na kwa miongo mingi waliotumwa walikuwa Waitaliano na waliopokea walikuwa sisi. Hali hiyo imebadilika kabisa. Leo wamo masista wengi kutoka Kenya, Tanzania, Msumbiji na Ethiopia, wenye nadhiri zilezile, nao hutumwa nje ya nchi zao kama walivyotumwa wale wa mwaka 1913. Sista Simona Brambilla, aliyekuwa mmisionari kati ya Wamakhuwa wa Msumbiji, kisha Mama Mkuu wa shirika kuanzia 2011 hadi 2023, aliteuliwa Januari 2025 kuwa mkuu wa idara ya Vatikani inayosimamia watawa wa dunia nzima, mwanamke wa kwanza kuongoza idara ya aina hiyo. Yeye ni Mwitaliano, lakini amesema mara nyingi kwamba Wamakhuwa ni walimu wake.

Ukitaka kuona jinsi mambo yalivyogeuka, tazama Mongolia. Masista na mapadre wa Konsolata walifika huko mwaka 2003, katika nchi ambayo Wakatoliki wake wote wangeenea katika kanisa moja la mjini kwetu, na ambako majira ya baridi hushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri. Walikaa miaka mitatu ya kwanza katika mji mkuu, Ulaanbaatar, kazi yao kubwa ikiwa kujifunza lugha, kabla ya kuhamia Arvaiheer mwaka 2006, ambako walianza kusali katika hema la duara kama yale wanayoishi wafugaji. Miongoni mwa masista waliotumikia huko yumo Mtanzania, ambaye alilazimika kujifunza kusalimu, kupika na kusali upya kwa Kimongolia, kama vile Sista Irene alivyojifunza Kikuyu huko Nyeri zaidi ya miaka 100 iliyopita.